Nitaitwa nani huko, na deni la chama atalipa nani?

Shikamoo Bi Wakili,

Mimi ni mama wa watoto wawili katika mji mmoja wa Pwani ya Kenya. Asubuhi nauza mahamri na mbaazi, jioni viazi karai. Jina langu siandiki, na ukisoma utajua kwa nini.

Ramadhani iliyopita nilikuwa nafunga kibanda usiku wa manane, maana watu hula mpaka daku. Usiku mmoja nilikuwa nazima jiko nikaona vijana watatu wamemteremsha mwenzao kwenye bodaboda, wanamburura kuelekea nyuma ya ghala moja kuukuu. Mmoja wao namjua vizuri. Hula kwangu na halipi, na hakuna anayethubutu kumdai kwa sababu ya mtu aliye nyuma yake. Asubuhi yule aliyeburutwa akapatikana amekufa.

Mamake marehemu ananijua. Sikuweza kukutana naye njiani nikamwamkia kama kawaida huku nimeyaficha haya, kwa hiyo nikaenda kuandikisha taarifa. Ofisa alichukua majina yangu yote matatu, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na mtaa ninaoishi. Haikupita wiki mbili, akaja mtu nisiyemjua, akanunua mahamri kumi, akatoa noti ya elfu moja na chenji akakataa. Akasema, "Weka, mama. Kazi ya mdomo ni kula." Juzi kwenye kundi la WhatsApp la mtaa mtu akaandika kwamba anayejidai ameona ni mama fulani wa mahamri, akataja jina la mwanangu wa kwanza, kwa sababu ndilo ninaloitwa.

Kiongozi wa mashtaka ameniambia upo mpango wa kulinda mashahidi, na kwamba naweza kuhamishwa, hata kupewa jina jingine. Nilipomweleza kaka yangu mkubwa alikuja juu. "Ukiingia huko umekufa ukiwa hai. Shamba la baba halijagawanywa, utalirithi kwa jina gani?" Yeye anasema heri nitafute wakili nibadili jina mwenyewe kimyakimya, kisha nikakae kwa binamu yetu bara mpaka mambo yapoe.

Mume wangu ni dereva wa lori la masafa marefu. Anasema nitakapokwenda atafuata, lakini naona usoni mwake anafikiria kazi. Mama yangu ana sukari, namtumia pesa kila Ijumaa, na yeye kuhama hataki hata kusikia. Nina deni la shilingi 86,000 kwenye chama, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, na wanawake watatu wamenidhamini. Mwanangu mkubwa yuko Gredi ya Tano. Akifanya mtihani mwaka ujao atafanya kwa jina la nani? Yule mdogo ana miaka sita na hajui kunyamaza. Na kortini, wakili wa yule kijana akiniuliza, "Wewe jina lako halisi ni nani?" nijibu nini nami nimeapa?

Nisaidie, mama. Silali.

Niliyeona

*

Marahaba mwanangu. Pole sana.

Nianze na wazo la kaka yako, maana ndilo linaloweza kukuponza wiki hii. Usibadili jina mwenyewe. Najua anataka kukusaidia, na najua wapo mawakili watakaokuandalia hati hiyo kwa siku chache. Lakini hapa Kenya hati ya kubadili jina husajiliwa kisha hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali: fulani binti fulani, aliyejulikana zamani kwa jina hili, sasa atajulikana kwa jina lile. Majina yote mawili, mstari mmoja, na gazeti hilo linasomwa na yeyote mwenye simu. Sheria hiyo haikutungwa kumficha mtu. Ukiitumia kujificha utakuwa umemwandikia anayekutafuta barua ya kumweleza ulikojificha.

Mpango aliokutajia kiongozi wa mashtaka unakwenda kinyume kabisa na hapo. Unatokana na Sheria ya Kuwalinda Mashahidi ya mwaka 2006, iliyoanza kutumika 2008. Mwanzoni ulikuwa chini ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu, na watu hawakuuamini, hasa wale ambao waliokuwa wakiwaogopa ni maofisa wa serikali wenyewe. Marekebisho ya 2010 ndiyo yaliyounda Shirika la Kuwalinda Mashahidi, lenye mkurugenzi wake na lisiloamrishwa na polisi. Hilo ulikumbuke: ombi lako si lazima lipitie kituo ulikoandikisha taarifa. Anaweza kuomba kiongozi wa mashtaka, anaweza kuomba wakili kwa niaba yako, na unaweza kuomba wewe mwenyewe moja kwa moja kwa Shirika.

Sasa hili la jina. Watu wakisikia ulinzi wa mashahidi wanafikiri siku ya kwanza unapewa kitambulisho kipya na tiketi ya ndege. Sivyo. Kubadilishiwa jina ni hatua ya mwisho, na ni wachache wanaofikishwa hapo. Kabla yake zipo nyingine: kulindwa ulipo, kuhamishwa kwa muda, kuhamishwa moja kwa moja, na zile hatua za ndani ya korti nitakazozifikia. Shirika litapima uzito wa kosa, umuhimu wa ushahidi wako, ukubwa wa hatari, kama una rekodi ya makosa, hata hali yako ya akili na kama utayaweza maisha hayo. Pesa zake si nyingi, na limelilia bajeti miaka nenda miaka rudi. Kwa hiyo usishangae wakikwambia unahamishwa lakini jina unabaki nalo. Kwa mtu kama wewe, uliyetishwa na kundi la mtaa mmoja, huenda hiyo ikatosha. Wakikukataa kabisa, au wakikuondoa baadaye bila haki, lipo Baraza la Rufaa lililoundwa na sheria hiyohiyo.

Tuseme wamefikia uamuzi wa jina. Hapo mkurugenzi wa Shirika huenda Mahakama Kuu, kwa siri, kuomba amri ya kumruhusu msajili wa vizazi au wa ndoa kuingiza maandishi mapya. Hakuna tangazo. Hutoki na hati ya kughushi: unatoka na cheti cha kweli kilichotolewa kwa amri ya jaji, na cheti hicho ndicho mzazi wa vyeti vingine vyote, kuanzia kitambulisho. Sheria inakuruhusu kudai kwamba jina jipya ndilo jina lako, na mkurugenzi akikupa kibali, hulazimiki kulitaja la zamani hata pale ambapo sheria nyingine ingekutaka ulitaje.

Ila lile la zamani halifi. Kaka yako kakosea hapo, na wengi hukosea pamoja naye. Linafungiwa sandukuni, na kila lililokuwa lake limo humo pamoja nalo: haki ya shamba, deni la chama, ndoa yako. Sheria inamtaka mkurugenzi ahakikishe haki na wajibu uliokuwa nao vinashughulikiwa. Mtu aliyepewa jina jipya hawezi hata kufunga ndoa kwa jina hilo mpaka amthibitishie mkurugenzi kwamba hana kizuizi. (Nimewahi kuulizwa na bwana mmoja, kwa dhati kabisa, kama hiyo ingekuwa njia rahisi ya kumwacha mkewe. Nikamwambia arudi nyumbani akazungumze na mkewe.)

Basi kabla ya kuingizwa kwenye mpango utatia saini mkataba wa maelewano na Shirika. Mwanangu, usiutie saini siku uliyoletewa. Humo huandikwa watakachokufanyia na utakachotakiwa kufanya na kutofanya, na humo ndimo pa kuyaandikisha yako. Deni la 86,000 liandikwe, na majina ya wadhamini wako watatu. Ukitoweka bila hilo, chama kitawakata wao, na wanawake watatu waliokatwa pesa kwa sababu yako watakutafuta kwa bidii kuliko hao vijana. Tena watakutafuta kwa kuuliza watu, kwa sauti. Shamba la baba liandikwe kwamba mirathi haijafunguliwa na wewe ni mrithi. Atafutwe wakili atakayekusimamia kwa hati ya uwakilishi kupitia kwa Shirika, ili kaka yako atakapokwenda kwa chifu kuchukua barua ya warithi jina lako liwemo, bila mtu kuhitaji kujua uliko. Na usifiche lolote. Mtu aliyeingia kwa maelezo ya uongo anaweza kuondolewa kwenye mpango, na deni lililofichwa ni uongo pia.

Mume wako naye aseme ukweli sasa, kabla ya mkataba. Ulinzi unaweza kuwahusu watu wa familia walio hatarini kwa sababu yako, lakini dereva wa masafa marefu anajulikana kila kituo cha mizani na kila hoteli ya njiani. Akija kwenye mpango, ile barabara ameiaga. Akishindwa, bora ajulikane kashindwa leo kuliko arudi kwenye usukani baada ya miezi mitatu, nawe umelala kwenye nyumba anayoijua.

Watoto ndio wanaonikosesha usingizi nisomapo barua kama yako. Vyeti vyao vitafuata amri ileile ya korti, na nakala za shule na mtihani zitapangwa na Shirika kwa jina watakalokuwa nalo. Makaratasi hayo yana watu wake. Shida ni mdomo wa mtoto wa miaka sita. Sisi watu wa Pwani mtu mzima hatumwiti jina. Tunamwita Mama Fulani, Baba Fulani. Umeona mwenyewe kwenye lile kundi la WhatsApp: hawakukutaja wewe, walimtaja mwanao, na kila mtu akajua. Kwa hiyo jina la kubadilika kwanza kinywani ni lake. Marekani, ambako mpango wa namna hii ulianza kwa sheria ya 1970, walinzi huwashauri watu wabaki na jina la kwanza au herufi zake za mwanzo, ili wakiitwa ghafla wageuke kwa jina sahihi. Ushauri ule unawafaa Wamarekani. Kwetu jina la mtoto ndilo anwani ya mama, kwa hivyo mimi ningekuomba uwaulize Shirika kuhusu jina la nyumbani, lile la utani analoitwa na bibi yake. Lisiandikwe popote, aitwe hilo tu, na muanze kumzoeza hivi sasa kama mchezo.

Mkubwa mwambie kweli. Si yote, lakini asidanganywe. Mtoto wa Gredi ya Tano aliyedanganywa huenda kuuliza kwa rafiki yake.

Na kuna jambo ambalo amri ya jaji hailiwezi kabisa. Utapewa majina matatu ya mahali pengine, pengine na jina la ukoo linalosema wewe ni wa kaskazini au wa magharibi, kisha utafungua kinywa sokoni uulize bei ya nazi, na muuza nazi atakuuliza, "Mama, wewe ni wa Pwani upande gani?" Lafudhi haisajiliwi. Waambie wakupe jina na historia ambayo ulimi wako unaweza kuibeba: mtu wa Pwani aliyeolewa bara ni hadithi nyepesi, tena wapo wengi. Na usiuze mahamri ya iliki na mbaazi za nazi huko uendako. Najua ndiyo kazi unayoijua. Lakini mkono wako unajulikana, na mtu wa nyumbani akila atasema, "Haya nimewahi kuyala mahali."

Twende kortini. Kesi ya mauaji husikizwa na jaji wa Mahakama Kuu. Upande wa mashtaka unaweza kuomba uitwe kwa jina la siri au herufi, taarifa yako ifutwe yale yanayokutambulisha kabla ya kukabidhiwa utetezi, utoe ushahidi kwa video au nyuma ya pazia na sauti ikiwa imebadilishwa, na watu watolewe ukumbini. Katiba yenyewe, ibara ya 50, inaruhusu umma na waandishi kuondolewa ili kumlinda shahidi. Lakini ibara hiyohiyo inampa mshtakiwa haki ya kuujua mapema ushahidi utakaotumika dhidi yake, na haki ya kuupinga. Jaji hana budi kuzipima zote mbili, na sitakudanganya kwamba mizani huelemea kwako kila mara. Wewe ulimtambua kijana usiku, kwa mwanga wa jiko na taa ya njiani. Wakili wake atataka kuuliza ulikuwa mbali kiasi gani na ulimjuaje. Ukijibu kwamba hula kwako na halipi, mshtakiwa amekujua bila kutajiwa jina. Lizungumze hilo na kiongozi wa mashtaka mapema, si asubuhi ya kesi.

Swali lako la kiapo: ukiwa umewekewa amri ya kuficha jina, wakili akikuuliza unaitwa nani, huna haja ya kusema uongo wala kuropoka. Nyamaza umtazame jaji. Kiongozi wa mashtaka atasimama, na jaji ndiye atakayesema kama swali lijibiwe.

Naomba usiliamini pazia kupita kiasi. Septemba 2013, shahidi wa kwanza katika kesi ya Kenya kule The Hague, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, alitoa ushahidi akiwa amefichwa uso na kubadilishwa sauti. Watu wa hapa nyumbani, wakifuatilia kwenye runinga na simu, wakaanza kumtaja mitandaoni hata hivyo, mpaka jaji akalazimika kuonya kwamba kufanya hivyo ni kosa. Pazia huficha uso, kisa hakifichiki. Aliyekuwapo atakitambua.

Kuhusu aliyekutaja WhatsApp: ukishaingia kwenye mpango, kufichua utambulisho au mahali ulipo ni kosa la jinai. Kabla ya hapo hukosi kinga. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 117, inamhukumu hadi miaka mitano anayemzuia au kumkatisha tamaa shahidi asifike kortini, na mtu wa noti ya elfu moja anakaribia sana hapo. Noti hiyo kama bado unayo, iweke, usiitumie. Piga picha ya ule ujumbe, ionyeshe nambari, tarehe na saa, kisha toka kwenye kundi bila kujibu neno. Peleka vyote kwa kiongozi wa mashtaka, umwambie avitumie kupinga dhamana ya mshtakiwa, maana kutishwa kwa shahidi ni sababu nzito ya mtu kunyimwa dhamana au kufutiwa.

Mama yako. Ukimtumia pesa kwa simu, jina la mtumaji linatokea kwake, na simu ya mama mgonjwa hushikwa na wajukuu, majirani na yule kijana wa dukani anayemsomea ujumbe. Siku utakayohamishwa, Ijumaa zako za kutuma moja kwa moja zimekwisha. Iandikwe kwenye mkataba kwamba una mama unayemtunza, na Shirika lieleze pesa itamfikiaje na kwa mkono wa nani. Yeye mwenyewe kama hataki kuhama msimlazimishe, lakini na yeye asijue uliko. Asichokijua hawezi kukamuliwa akiseme. Mwambie hivyo uso kwa uso, si kwa simu. Atalia. Kaa naye.

Uliuliza kama unaweza kurudi? Hukuuliza, lakini nimeliona kati ya mistari. Ndiyo: sheria inaruhusu jina la zamani kurejeshwa mtu akishatoka kwenye mpango. Shamba likiwa limesimamiwa na chama kimelipwa, utakuwa na pa kurudi.

Wiki hii basi, taarifa yako haijafika mikononi mwa utetezi bado, na siku ni chache. Nenda kwa kiongozi wa mashtaka, si kituoni, uombe mambo mawili kwa maandishi: izuiwe au ifutwe majina kabla haijakabidhiwa, na uwekewe ulinzi wa muda wakati ombi lako linapimwa. Kibanda usikifunge ghafla, sema mtoto ana homa. Kwa binamu yenu usiende. Kaka yako amekwisha kulitaja wazo hilo, na sijui amelitaja mbele ya nani.

Nimebadili mambo kadhaa katika barua yako kabla ya kuichapisha, likiwemo moja ambalo ungedhani halina maana. Nambari uliyotumia kuniandikia nimeifuta. Ukinihitaji tena, usinipigie kwa laini hiyo. Mtume kiongozi wa mashtaka anitafute.